Kiti Nyekundu kwenye Mudomo wa Shimo

Kalingi, Mwenga, tarehe 8 Oktoba 2023

Kwa Nsimire, mutoto wa dada yangu, daktari wa kesho,

Asinge, nakusalimia! Shika barua hii na mikono mbili, juu inatoka kwa mutu mwenye bahati kuliko wote wa Kivu ya Kusini. Tonton yako iko PDG. Soma tena kama hauamini. Huku kwenye dhahabu, mwenye shimo anaitwaka PDG, na leo PDG ni mimi, Philémon, ule mwenye mulikuwa munacheka viatu yake. Niko na kiti ya plastiki, nyekundu, yenye kuwa na pa kuwekea mikono. Kuanzia asubuhi nakaa kwenye mudomo wa shimo, muguu juu ya muguu. Wengine wanateremuka, wengine wanapanda na mawe mugongoni, mimi nasema tu "Ehe" ao "Hapana." Mvua ikinyesha, kuna mutu wa kunifunika na mwavuli, mutu mwema sana, tena wa sura nzuri. Siku Mungu alikuwa anagawa bahati, mimi nilisimama mbele kwenye mustari, kisha nikarudi mara ya pili na kofia ingine asinitambue.

Mama yako Lucie hajambo? Ule mugongo wake? Na Charlène, dada yako, alishazaa? Kama ni kijana, jina Philémon iko tayari. Kama ni binti, munipatie Philomène, sitakasirika.

Usiulize juu ya nini sipigi simu. Hapa réseau iko juu ya kilima, kwenye musalaba wa wamisionere. PDG hapandi kilima kutafuta réseau. Réseau ikimutaka, itateremuka yenyewe. Kwa hiyo tutaandikiana, kama wazungu wa zamani. Gracien, shofere wa lori, atapeleka. Anajua nyumba yenu ya Nyalukemba.

Sasa unieleze: huko kwenye shule ya udaktari wanakufundisha nini? Mimi niliachia mwaka wa ine, lakini nilisomea Kindu, nikasomea Kisangani, nikasomea Bujumbura kwenye soko, hata Kampala nilifika nikaona magorofa. Eleza kwa Kiswahili tu, usinipige na Kifaransa.

Noeli nakuja. Munipikie samaki za sambaza mingi, na pilipili.

Tonton yako, PDG Philémon

* * *

Bukavu, tarehe 5 Novemba 2023

Tonton mupendwa, PDG wa mashimo yote,

Barua yako ilifika ikiwa na matope, Gracien anasema lori lililala kwenye utelezi njiani. Nyumbani tuko salama. Mama alisoma habari ya kofia akacheka mpaka akashika mugongo, kwa hiyo umejibiwa: mugongo bado. Charlène alizaa binti. Anaitwa Gloire. Mama amesema Philomène itakuwa jina la pili, lakini siku utakapokuja kumubeba mwenyewe, si kabla.

Mimi niko mwaka wa hospitali sasa. Shule yetu ni ndogo, Tonton. Ukikohoa nyuma ya darasa, mwalimu aliye mbele anajua ni nani. Asubuhi tuko kwenye vitanda vya wagonjwa, mchana darasani, na katikati tunatafuta maji, kwa sababu bomba la kwetu wanafunzi limekauka na tunapanda na mabidon mpaka Nyawera. Patrice, mwenzangu, alimwaga bidon lake mbele ya mulango wa mukuu wa shule. Mukuu alitoka akateleza. Sasa Patrice anasoma kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mwalimu wetu wa wagonjwa ni Docteur Cibalonza. Mwanamke mufupi, sauti yake ya chini, ukimaliza kusema anauliza tu: "Na halafu?" Mutu anatoka jasho. Ametufundisha kugonga kifua. Unaweka kidole cha kati cha mukono wa kushoto kwenye mugongo wa mugonjwa, unakigonga na kidole cha mukono wa kuume. Mapafu yenye hewa yanalia kama bidon tupu. Penye kitu kizito, sauti inakufa. Tangu siku hiyo situlii, nagonga kila kitu: mulango, meza, mugongo wa Patrice. Mama anasema nitatoboa sufuria yake.

Tunakungoja Noeli.

Nsimire

* * *

Kalingi, tarehe 26 Novemba 2023

Daktari mwenzangu,

Asinge tena, na pongezi kwa Charlène. Gloire Philomène, jina kama ya mufalme wa kike.

Ile kugonga yenu, nyinyi mulichelewa! Sisi tunagongaka kabla ya docteurs kuzaliwa. Mutu hawezi kuingia kwenye shimo bila kugonga dari na nyundo. Jiwe nzima inalia vizuri. Jiwe yenye ilishaachana na mulima inalia vibaya, na hapo unatoka mbio bila kusalimia mutu. Nasema hii ya zamani, wakati nilikuwa ningali nateremuka, kabla ya kiti.

Basi nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya watu wangu, kisha nikaanza kugonga. Nimegonga Lucien, ule mwenye tunaimbaka naye sauti nzito kwenye kapela. Nimegonga wachimbaji wote. Nimegonga Martine mwenye kutupikia sombe, naye akanigonga na mwiko. Jumapili kisha misa wanapanga mustari. Wananiita Docteur PDG. Wote wanalia kama ngoma ya harusi.

Sasa nakupatia examen. Kuna mutu moja hapa. Umri karibu wangu, uzuri karibu wangu pia, lakini bado hajanifikia. Lucien alimugonga mugongo. Upande wa kushoto, bidon tupu. Upande wa kuume, juu, bidon tupu. Upande wa kuume, chini, hakuna sauti. Jiwe. Akivuta pumzi sana inamuchoma, na jasho inamutoka hata wakati wa baridi. Iko na nini? Jibu vizuri, mimi ndiye natoa points.

Tonton Philémon

* * *

Bukavu, tarehe 10 Desemba 2023

Tonton, swali lako ni rahisi!

Lakini kwanza salamu. Mama amenunua kitenge cha Noeli, Gloire anacheka hata na ukuta.

Jibu: mutu wako ana maji kati ya pafu na mbavu. Hata Docteur Cibalonza anasema hivyo hivyo, "inalia kama jiwe," neno lako kabisa. Maji yale yanasukuma pafu juu, na kwa hiyo mwanzoni mugonjwa analalia upande moja, kisha yakizidi anashindwa kulala, analala akikaa. Anakonda. Anaacha mambo yanayotaka pumzi. Huku kwetu mara nyingi chanzo ni kifua kikuu, na vumbi la mawe linakifungulia njia. Inatakiwa radio ya kifua, ile picha ya mapafu, kisha sindano ya kutoa maji, kisha dawa kwa miezi, na dawa zile zinatolewa bure. Akichelewa, maji yanaganda, pafu linafungwa humo ndani, na mutu anaweza kufa nalo. Akiwahi, anapona kabisa.

Nilimusomea Patrice jibu hili, akasema hata kwenye syllabus haliko wazi namna hii. Nipe kumi kwa kumi. Mwambie mutu wako aende hospitali upesi.

Na wewe uje na lori la Gracien la mwisho kabla ya Noeli. Usikose.

Nsimire

* * *

Kalingi, tarehe 14 Januari 2024

Nsimire,

Heri ya mwaka. Noeli sikukuja, barabara ilikuwa mbaya. Najua Gracien alipita, usiniambie. Gracien ni shofere, mimi ni PDG, siwezi kuacha shimo bule.

Kumi kwa kumi. Nimekupa.

Ule mutu wa jiwe alishapona. Tusiongee tena yeye.

Hapa ni furaha tu. Nimetoboa tundu mupya kwenye mukaba, ndiyo mode ya sasa, suruali inakaa kama ya mwanamuziki. Kwenye kapela nimeachia Lucien sauti nzito, vijana nao waonekane. Kiti yangu ni tamu sana, hata usingizi naipatia humo humo, nimekaa, kama mufalme kwenye picha. Kitanda ni ya watu wadogo.

Musalimie mama yako. Mwambie kitenge avae tu.

Philémon

* * *

Bukavu, tarehe 18 Februari 2024

Tonton,

Mama anakusalimia. Hakuvaa kitenge. Gloire ameota jino. Hizo ndizo habari za nyumbani, zimekwisha.

Nimeanguka mtihani. Mimi, wa kumi kwa kumi. Nilipewa muzee moja, chumba cha wanaume, kitanda cha dirishani. Nilimugonga mugongo mbele ya darasa zima, nikasikia jiwe, nikasimama wima nikaeleza yote kwa Kifaransa kizuri mpaka hata Patrice aliacha kusinzia. Docteur Cibalonza akangoja nimalize.

"Na halafu?"

"Halafu radio, Docteur, na sindano ya kutoa maji."

"Anaitwa nani?"

Nikageuka kutafuta karatasi ya kitanda.

"Anafanya kazi gani? Analala namna gani? Nyumbani nani anamungoja?"

Ndipo muzee mwenyewe akasema kutoka kitandani, kwa Mashi kwanza, kisha kwa Kiswahili ili darasa lisikie: "Docteur, usimukalipie. Huyu mutoto aligonga vizuri sana. Hakungoja tu mulango ufunguliwe."

Walicheka wote. Docteur hakucheka. Adhabu yake anaijua kila mwanafunzi wa hapa: kiti kidogo cha mbao, kando ya kitanda. Unakaa, unaweka mikono chini ya mapaja, huruhusiwi kumugusa mutu mpaka amalize kusema yote anayotaka. Nilikaa asubuhi nzima. Anaitwa Papa Mushagalusa. Alikuwa anaponda mawe kwenye dhahabu, kama huko kwenu. Aliwaambia watoto wake kwamba anauza dukani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Ungewaambia nini, wewe?"

Tonton, nilitoka pale nikachukua barua zako. Mwaka jana ulipanda kilima cha musalaba ukikimbia, ukanipigia simu ukiimba. Sasa PDG hapandi. Sauti nzito umeachia Lucien. Mukaba una tundu mupya. Unalala umekaa. Mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba mutu wa namna hiyo analala akikaa, kisha nikajisifu, kisha nikaomba points. Sikuuliza ni nani.

Nauliza sasa. Ni nani?

Mikono yangu iko chini ya mapaja. Nangoja. Nisipopata jibu, nakuja mwenyewe.

Nsimire

* * *

Kalingi, tarehe 20 Machi 2024

Mutoto mukali,

Asinge. Barua yako ilikaa kwa Gracien, lori ilivunjika ressort, ile chuma ya chini yenye kubeba uzito. Kisha ilikaa kwangu.

Unanisoma kama docteur anasoma radio! Mutu akitoboa mukaba, ni mugonjwa? Basi mafundi wote wa ngozi ni wagonjwa. Ule mutu wa jiwe anaitwa Christophe, haumujui, alirudia kwao Shabunda, iko anakula muzuri, mafuta inamutoka mudomoni. Umeona? Jina nimekupa, mwambie Docteur wako.

Lakini nisikilize. Usikanyage huku. Usicheze na hii. Siku ulienda kuandikisha jina kwenye ile shule, mama yako alilia kwa sababu baba yako hakukuwako tena kuona. Nani alisimama pale mulangoni na koti ya kuazima, anasema kwa watu wote "huyu ni wetu"? Ni mimi. Jamaa yetu ilizaa wakulima, ilizaa wabebaji wa Nyawera, ilizaa mimi, kitu haina jina. Daktari bado. Ukiacha examen juu ya kuja kuona kiti ya plastiki, sitakusamehe, na niko natabasamu wakati naandika hivi lakini sichezi.

Umeanguka mara moja, utarudilia, utapita. Kaa kule. Gonga wazee wa kule. Mimi niko na watu wa kunigonga.

Kiti inakusalimia.

Philémon

* * *

Bukavu, tarehe 10 Aprili 2024

Tonton,

Mwandiko wako unateremuka kila mustari, kama mutu anayepumzika katikati ya neno.

Papa Mushagalusa amekwenda nyumbani. Alitolewa maji, pafu likafunguka, anakunywa dawa zake. Watoto wake walikuja kumuchukua. Hakuna aliyemuuliza habari ya duka. Walimubebea tu mufuko.

Mtihani wa kurudilia na Docteur Cibalonza ni Jumanne tarehe 23. Nikikosa huo, narudilia mwaka mzima. Gracien anafika Bukavu Jumapili tarehe 21, anapakia, anaondoka Jumatatu asubuhi. Nitakuwa ndani ya lori. Mufuko wangu umefungwa, uko nyuma ya mulango. Mama ameuona. Ameweka sweta ya marehemu baba juu yake.

Siwezi kukaa tena nikigonga watu wa wengine.

Nsimire

* * *

Bukavu, mulangoni mwa hospitali, Jumapili tarehe 21 Aprili 2024

Nsimire,

Toa sweta, fungua mufuko. Usipande lori. Mimi ndiye nimeshuka kwenye lori sasa hivi. Gracien alinipa barua yako, akasema "Soma upesi, mimi nageuza," nikasoma nikiwa nimesimama, nikapanda mbele. Njia yote nilikaa dirishani kama mutu mukubwa, watu wa Burhale walinipungia mukono. Kwenye milima nilikuwa naona giza kidogo. Gracien alisimama mara nyingi, akijifanya anaangalia magurudumu, ili nivute pumzi. Mutu muzuri sana, mwongo kama mimi.

Niko hapa kwenye benchi ya inje. Sentinelle wenu anakataa niingie. Anasema saa ya visite bado. Nimemwambia niko baba wa docteur. Ameniuliza, "Docteur gani?" Nikasema Docteur Nsimire. Anasema hapa hakuna docteur wa jina hiyo, kuna mwanafunzi wa jina hiyo, mwenye kugonga mulango ya kibanda chake kila asubuhi akipita na kusikiliza. Nilicheka, na kicheko ikanichoma upande wa kuume, chini, na sentinelle mwenyewe akaniletea maji. Amenipatia na hii karatasi. Atakuletea mpaka penye uko.

Nilifikiri nije na zawadi. Nilitafuta tangu Mwenga nini PDG analeta kwa mutoto wake. Sikupata. Nimeleta mugongo wangu. Jumanne, kama Docteur wako mufupi atakubali, usiombe mugonjwa mwingine. Uniombe mimi. Sitakusaidia kwa Kifaransa, lakini jiwe utasikia, hata Patrice atasikia. Wakitoa hayo maji mbele ya darasa, niambie tu siku ile, ninyoe ndevu.

Ila usianze na kugonga. Beba kile kiti ya mbao. Ukae, mikono chini ya mapaja, kama ulivyofundishwa, na uniache niseme mpaka mwisho, hata nikipumzika katikati. Nikileta mizaha, niulize "Na halafu?" Nitaogopa, nitasema kweli.

Mama yako usimwambie kabla hujaniona. Kisha mwambie, na Gloire aletwe, nimubebe na mukono wa kushoto.

Nianze sasa, ili wakati wa kukutana nisiwe na nguvu ya kudanganya. Christophe hakukuwako. Lucien aligonga mugongo wangu mimi, na yeye ndiye alilia, mimi nikacheka. Miaka yote hii naponda mawe, na vumbi yake nilikuwa naita pudra. Kisha pumzi ikakatala kuponda, na wenzangu wakanihurumia, wakaniombea kazi nyepesi. Shimo si yangu. Kiti nyekundu ni ya mwenye shimo, mimi sikuikalia hata siku moja. Ule wa kumushikia mwavuli ndiye mimi.

Philémon